Barua Hukaa kwa Aliyeipokea: Nani Mwenye Maandishi ya Madaktari wa Kiingereza Kuhusu Nchi Hizi?

Mwezi wa Juni 2024, Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta Kampala vitu 39 vya kale vilivyotoka Uganda zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wengi walisikia neno moja tu: vimerudi. Makubaliano yenyewe yalisema mkopo, wa miaka mitatu kwa kuanzia. Tangu hapo swali limesogea kutoka kwenye vyungu na ngoma hadi kwenye karatasi. Kama kapu la bibi linaweza kurudi, barua zilizoandikwa juu ya bibi huyo je? Madaktari, wataalamu wa mimea na wanyama, na wanazuoni wa Kiingereza waliandika maelfu ya barua kuhusu nchi hizi, na nyingi zimelala London, Edinburgh na Cambridge.

Katika ukanda wa Ruti, Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, swali hili lina uzito wake. Hapa wanaishi Wanyankole ambao wazee wao waliandikwa na mmisionari John Roscoe. Wapo Wakongo wa Maniema, nchi aliyoiandika David Livingstone. Wapo Wanyarwanda na Warundi, ambao nadharia za wasafiri wa Kiingereza ziliwagusa kwa njia iliyo chungu zaidi. Kila mmoja anadai kitu tofauti na karatasi zilezile.

Mkanganyiko unatokana na maswali matatu yanayoulizwa kana kwamba ni moja. Je, yaliyoandikwa ni kweli? Je, barua ni mali ya nani? Je, zikae wapi? Mtu anaweza kukubali la kwanza akakataa la tatu, au kinyume chake.

Kwa nini barua za huku ziko kule

Watu wengi hudhani barua hizi ziliibwa. Vitu vingine viliibwa kweli, au vilichukuliwa kwa shinikizo. Lakini barua ina desturi yake: hukaa kwa aliyeipokea. Katika sheria ya Kiingereza karatasi ni mali ya aliyeandikiwa, na maneno yaliyomo ni mali ya aliyeandika. Daktari John Kirk alifika Zanzibar mwaka 1866 kama mganga wa ubalozi mdogo, akaishia kuwa balozi. Muda wote huo aliituma mimea na maelezo yake kwenye bustani ya Kew, London. Mimea ilitoka Zanzibar na pwani, barua zikabaki Kew, kwa sababu Kew ndiyo iliyoandikiwa.

Desturi hiyo ina upande wa pili usiotajwa sana. Kama barua hukaa kwa mpokeaji, basi barua zilizokuja Uganda kutoka Uingereza zingepaswa kuwa hapa. Ziko wapi? Nyingi ziliondoka pamoja na waliozipokea. Roscoe alipoondoka Uganda mwaka 1909, hakuna aliyemwambia aache makaratasi yake. James Frazer, mwanazuoni wa Cambridge aliyekuwa akimwandikia maswali juu ya mila, hakuwahi kukanyaga Afrika. Majibu ya Roscoe yamehifadhiwa katika chuo cha Trinity, mahali Frazer alipofanyia kazi. Kwa hiyo ncha zote mbili za mazungumzo kuhusu Buganda na Ankole ziliishia upande mmoja wa bahari.

Pale mwandishi alipobaki, karatasi nazo zilibaki. Daktari Albert Cook alifika Mengo, Kampala, mwaka 1897, akafungua hospitali mwaka huohuo, akaishi Uganda hadi alipofariki mwaka 1951. Barua alizowaandikia jamaa zake zilikwenda Uingereza, na leo sehemu kubwa ya karatasi zake iko katika maktaba ya Wellcome, London. Lakini kumbukumbu za wagonjwa wa Mengo, kitanda kwa kitanda, zilibaki Kampala, katika maktaba ya udaktari ya Makerere iliyopewa jina lake. Mwaka 1964 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti juu ya saratani uliotokana na kumbukumbu hizo za 1897 hadi 1956. Miongoni mwa waliotia majina yao walikuwamo R. Owor na L. A. Mtimavalye. Karatasi zilizobaki karibu ziliwafaa madaktari wa karibu. Mfano huu tuuweke akilini, tutauhitaji mbele.

Wanaosema: huu ndio ushahidi tulio nao

Upande wa kwanza unasema tuzichukue barua kama zilivyo, kwa kuwa kwa miaka mingi ya karne ya 19 hakuna maandishi mengine ya bara. Hoja hii ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali.

Chukua habari ya Kahura, Bunyoro, mwaka 1879. Robert Felkin, kijana wa misheni aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia mama akipasuliwa ili kumtoa mtoto. Mganga wa Kinyoro alimlewesha mama kwa pombe ya ndizi, akanawa mikono kwa pombe hiyo na kuosha tumbo kwayo, akazuia damu kwa chuma cha moto, kisha akafunga jeraha kwa pini za chuma na nyuzi. Mama na mtoto walikuwa wazima Felkin alipoondoka. Alilieleza jambo hilo mbele ya madaktari wa Edinburgh mwaka 1884. Bila maandishi ya Mwingereza huyu, anayebisha kwamba waganga wetu walijua upasuaji angekuwa na kazi rahisi.

Ushahidi huohuo, hata hivyo, una tundu katikati yake. Felkin aliandika aina ya kisu, idadi ya pini na siku ambazo jeraha lilichukua kupona. Jina la mganga hakuliandika. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa ustadi ule ameingia katika historia ya udaktari bila jina.

Tundu la namna hiyo linaonekana tena katika habari ya malale. Ugonjwa huo ulitambuliwa Mengo na Albert Cook na ndugu yake Jack mwaka 1901. Inakadiriwa kuwa uliua watu 250,000 hivi katika Uganda hadi kufikia mwaka 1920. Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, ilituma tume Entebbe mwaka 1902: George Low, Cuthbert Christy na Aldo Castellani, Mwitaliano. Castellani aliviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, lakini hakuwa na hakika. Alikuwa akishuku bakteria. Machi 1903 akaja David Bruce, daktari wa jeshi, na kazi ikaendelea hadi ikathibitika kwamba mbung'o ndiye anayebeba vimelea. Baada ya hapo wawili hao na marafiki zao wakabishana kwa miaka mingi, hata kwenye kurasa za barua za gazeti la The Times, nani alikuwa wa kwanza kugundua chanzo cha ugonjwa.

Ugomvi ule umeandikwa sana. Kilichoandikwa kwa ufupi ni kwamba ramani ya mbung'o, ambayo ndiyo iliyoufunga ushahidi, ilitokana na inzi waliokusanywa kote nchini kwa msaada wa Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, na machifu. Watu wa kawaida waliingia vichakani, wakakamata inzi, wakawapeleka Entebbe pamoja na habari ya mahali walipowapata. Walifanya sayansi. Katika mabishano ya nani alikuwa wa kwanza hawamo.

Wanaosema: hizi ni barua za watawala

Upande wa pili hauzitaki kabisa. Unasema macho yaliyoona yalikuwa ya mtawala, na aliyeziamini alidanganywa. Katika eneo letu hoja hii haiwezi kupuuzwa.

John Speke alipita Karagwe na Buganda miaka ya 1861 na 1862, pamoja na James Grant aliyekusanya mimea njia nzima. Mwaka 1863 Speke alichapisha kitabu chake, na ndani yake akaweka dhana kwamba wafugaji watawala wa nchi za maziwa walikuwa jamii nyingine iliyotoka kaskazini, bora kuliko wakulima. Hakuwa na ushahidi zaidi ya sura za watu na mawazo aliyokuja nayo. Dhana hiyo iliwahamia waliomfuata. Harry Johnston, ofisa wa kikoloni nchini Uganda, aliirudia mwanzoni mwa karne ya 20. Roscoe aliijenga katika kitabu chake cha 1923 kuhusu Banyankole, ambamo Bahima (wafugaji) na Bairu (wakulima) wamepangwa kama mbari mbili. Kwa upande wa Rwanda, watawala wa Kijerumani na wa Kibelgiji waliibeba dhana ya namna hiyohiyo, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaigonga katika vitambulisho. Mwaka 1959 damu ikamwagika, na waliokimbia wakavuka kuja Ankole. Nakivale ilitengwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960.

Itakuwa ni kosa kusema barua na vitabu vya Waingereza vilizaa 1959. Zilikuwapo siasa za Rwanda yenyewe, ardhi, kazi za shokoa na hesabu za wakoloni wa Kibelgiji. Lakini dhana iliyoanza kama maneno ya msafiri mmoja ilipata miguu ikatembea, na anayeishi Nakivale leo ana haki ya kuyatazama makaratasi hayo kwa jicho kali.

Kuna kosa jingine lililo kimya zaidi, linalohusu ardhi. Msafiri Henry Stanley na daktari wake, Thomas Parke, walipita Ankole mwaka 1889. Mara baada ya hapo sotoka ikafyeka ng'ombe, ndui ikafuata, na Omugabe (mfalme) Ntare akafariki mwaka 1895. Baadaye mbung'o wakaenea sehemu za Ankole kama Isingiro na Nshara, wakasukuma watu na mifugo. Ofisa aliyefika katikati ya maafa hayo na kuandika kwamba nchi ni tupu hakusema uongo kuhusu alichokiona. Alikosea alipodhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alitoa mwaka 1971 kitabu kizima cha kuonyesha jinsi Wazungu walivyolisoma vibaya jambo hili katika sehemu nyingi za Afrika. Kila mgogoro wa ardhi unapozuka kati ya wenyeji wa Isingiro na wakimbizi, neno "tupu" hurudi. Anayelileta kama ushahidi aulizwe kwanza liliandikwa mwaka gani.

Udhaifu wa upande huu wa pili uko hapa: silaha ya kuwapinga waandishi hao mara nyingi hutoka kwenye barua zao wenyewe. Kitabu husafishwa kabla ya kuchapishwa. Barua na daftari la safarini havisafishwi, au husafishwa kidogo. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Maniema. Mwaka 1871 Livingstone, aliyekuwa daktari kabla ya kuwa msafiri, alikwama Kabambare, jina ambalo yeye aliliandika Bambarre. Karatasi zilimwishia. Akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino uliotokana na mbegu za mmea wa huko. Julai 15 mwaka huo aliona wanawake na wanaume wakipigwa risasi sokoni Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake, katika kitabu kilichohaririwa na rafiki yake Horace Waller.

Wino wa mbegu ulififia hadi usisomeke. Kati ya 2010 na 2013 watafiti walipiga picha barua aliyomwandikia Waller kutoka Kabambare, kisha daftari la Nyangwe, kwa mianga ya rangi mbalimbali, na maandishi yakajitokeza. Maneno ya daftari hayalingani sawasawa na yaliyochapishwa. Yanaonyesha mashaka ya Livingstone kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, mashaka ambayo msomaji wa 1874 hakuonyeshwa. Aliyetupa makaratasi yote kwa kuwa ni ya mkoloni angeitupa nafasi ya kulijua hilo.

Livingstone huyohuyo anatufundisha pia kutoisoma barua moja peke yake. Katika barua zake alimlaumu vikali Kirk kwa kumpelekea wapagazi watumwa kutoka Zanzibar. Stanley alizibeba lawama hizo hadi Uingereza mwaka 1872. Uchunguzi ukafanywa, Kirk akaonekana hana hatia. Aliyesoma barua za Kabambare tu angeondoka na hukumu isiyo ya haki.

Karatasi zirudi, au nakala inatosha?

Tukifika kwenye swali la mahali, pande zinagawanyika upya. Wanaotaka karatasi zenyewe zirudi wanaushika mfano wa Mengo: kilicho karibu hutumika. Wanakumbusha pia kwamba masalio ya Kibuka, mungu wa vita wa Buganda, ambayo Roscoe aliyapeleka Cambridge, yalirudishwa Uganda mwaka 1962. Kwa hiyo kurudisha kunawezekana.

Ugumu wao ni: zirudi kwa nani? Barua ya Livingstone iliyoandikwa Kabambare, ikapitia Zanzibar, ikapokewa na Mwingereza, idaiwe na Kongo, na Tanzania, au na nani? Mjukuu wa mtu wa Nyangwe anaweza kuwa anaishi Nakivale. Ikipelekwa Kinshasa, kwake haitakuwa karibu zaidi kuliko ikiwa ng'ambo. Hata Nyaraka za Taifa za Uganda ziko Kampala, safari ya nusu siku kutoka Mbarara, kwa nauli ambayo mwanafunzi wa Isingiro hana. Na barua zilizohifadhiwa pamoja husomeka pamoja. Ukizitawanya kwa mipaka ya leo, ambayo waandishi wa 1871 hawakuijua, unaukata uzi unaoziunganisha.

Wanaotetea nakala za kidijitali wana mfano mzuri. Mradi wa barua za Charles Darwin ulitoa juzuu 30 kati ya 1985 na 2023, barua alizoandika na alizoandikiwa, zipatazo 15,000, na mtu yeyote mwenye intaneti anazisoma bure. Kew nayo imezipiga picha barua nyingi zilizotoka Afrika. Na kama tulivyoona kwa Livingstone, picha nzuri inaweza kuonyesha ambacho jicho halikioni kwenye karatasi.

Lakini picha si usomaji. Mwandiko wa 1871 unamshinda hata Mwingereza wa leo. Orodha nyingi zimepangwa kwa jina la mwandishi Mzungu, na majina ya mahali yameandikwa kama alivyoyasikia: anayetafuta Kabambare hataipata mpaka ajue kuandika Bambarre. Hazina nyingine hufunguliwa na taasisi zilizojiandikisha, si na kijana mwenye bando la siku moja kambini. Halafu kuna sheria. Uingereza, barua ambayo haikuwahi kuchapishwa, hata kama mwandishi wake alifariki zamani za Malkia Victoria, kwa kawaida bado iko chini ya hakimiliki hadi Desemba 31, 2039. Kuitafsiri na kuichapisha bila ruhusa ni kuvunja sheria ya huko. Ni jambo la ajabu kwamba wajukuu wa walioandikwa waombe ruhusa ya wajukuu wa mwandishi, lakini ndivyo lilivyo.

Kipi kitangulie

Kuhusu ukweli wa barua, jibu langu haliegemei upande wowote kati ya miwili. Zina thamani kubwa zinapoeleza alichokiona mwandishi kwa macho: pini za Kahura, inzi waliofika Entebbe, risasi za Nyangwe. Thamani yao inashuka kila zinapoeleza watu ni wa asili gani au nchi ilikuwaje kabla mwandishi hajafika. Hapo mara nyingi anajibu swali aliloletewa kutoka Ulaya. Frazer alikuwa na orodha ya maswali iliyochapishwa tangu 1887, na Roscoe alipokuja Ankole mwaka 1919 au 1920 kwa safari iliyogharamiwa na Sir Peter Mackie, maswali ya Cambridge alikuwa nayo kichwani tayari. Msomaji akishika tofauti hiyo moja, atakuwa amejikinga na makosa mengi.

Kuhusu mahali, naona vita ya kurudisha kila karatasi inapoteza nguvu zinazohitajika kwingine. Haki iko wazi zaidi kwa barua zilizopokelewa huku kisha zikaondolewa. Tukitumia kanuni ya Waingereza wenyewe, kwamba barua ni ya aliyeipokea, hizo ni za hapa, na Uganda inaweza kuzidai bila kubabaika. Kwa zilizobaki, tudai vitu vitatu ambavyo nakala peke yake haitoi: maandishi yaliyochapwa upya ili yasomeke, tafsiri kwa Kiswahili na Runyankore, na orodha inayotafutika kwa majina ya watu na mahali petu. Chuo cha Cambridge kilicholeta vitu 39 kwa mkopo kinaweza kutoa orodha hiyo bila kupoteza karatasi hata moja. Kuhusu hakimiliki, maktaba za Uingereza ziombe ruhusa zenyewe kwa niaba yetu. Wao ndio wanaowajua warithi.

Liko pia lisilohitaji London. Nusu nyingine ya mazungumzo haya haijaandikwa popote: namna watu wa Isingiro, wa Karagwe na wa Maniema walivyowaona wageni hawa, na walivyoyasimulia mambo hayo nyumbani. Wazee wanaoyabeba masimulizi hayo wako Ruti na Nakivale, na kila mwaka wanapungua. Kama nyumbani kwako kuna mzee aliyesikia kwa babu yake habari za Nyangwe, za sotoka au za mbung'o, mrekodi kwa simu yako wiki hii. Taja jina lake, kijiji chake na mwaka, kisha utunze nakala mbili mahali tofauti. Na kama kuna sanduku la barua kuukuu za misheni au za chifu, usilichome.